Fedha Ndani ya Simu: Shahidi Wako Ni Nani?

Msomaji mpenzi, keti kidogo tuzungumze habari ya kitu kilichomo mfukoni mwako, au kilichofungwa katika pindo la khanga yako. Nasema habari ya simu. Sitaki kusema juu ya picha na nyimbo zilizomo ndani yake, maana vijana wako wazijua kuliko mimi. Nataka tuseme juu ya fedha.

Miaka ishirini iliyopita simu ilikuwa chombo cha kusemea tu. Leo ni kibubu, ni posta, ni duka la umeme, ni mahali pa kulipia kodi ya serikali, na tena ni mkopeshaji asiyelala usiku wala mchana. Mkulima auza gunia la maharagwe, na kabla lori halijapita kona fedha zimekwisha ingia katika simu yake. Mama apata habari kwamba mtoto aliye bwenini hana fedha za daftari, naye azituma akiwa jikoni, sufuria ikichemka.

Mambo hayo ni mema. Lakini vitu viwili vimeondoka pamoja. Simu imeondoa safari, na safari hiyo hakuna anayeililia. Simu imeondoa pia shahidi, na hilo wengi hawajalitambua. Basi leo tutazame jinsi jambo hili lilivyotokea, na jinsi nyumba yako iwezavyo kumrudisha shahidi bila kuirudisha safari.

FEDHA ZILIPOKUWA NA MIGUU

Wazee wanakumbuka. Kijana aliyekwenda kutafuta kazi mjini au migodini, alipotaka kumsaidia mama yake, alikuwa na njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa hawala ya posta. Alipanga mstari, akajaza fomu, akalipa ada, kisha karatasi ikasafiri. Mama naye alifunga safari mpaka mji wenye posta, na pengine alipofika aliambiwa fedha taslimu zimekwisha, arudi kesho. Njia ya pili ilikuwa basi: bahasha ilitiwa mkononi mwa dereva au kondakta, pamoja na jina la mtu atakayeipokea stendi. Njia ya tatu ilikuwa kumngoja ndugu anayerudi nyumbani, na ndugu wengi hurudi Noeli. Kama mtoto aliugua mwezi wa Mei, Noeli ilikuwa mbali.

Njia hizo zote zilikuwa za taabu. Nauli ilikula fedha, na siku nzima ya kulima ilipotea. Bahasha nyingine zilifika zimepungua, na nyingine hazikufika kabisa. Lakini angalia jambo moja. Katika kila njia walikuwapo watu waliojua. Karani wa posta alihesabu noti mbele yako, nawe ukahesabu tena. Ndugu alipofika alifungua bahasha mbele ya baba na mama, na fedha zikahesabiwa juu ya mkeka. Kama zilipungua, palikuwa na mtu wa kuulizwa.

JINSI ILIVYOANZA

Watu wengi hudhani kwamba kazi hii ilibuniwa Ulaya, ikaletwa kwetu ikiwa imekamilika. Sivyo. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, watu wa Uganda, Ghana na Botswana walibuni wenyewe njia ya kutumiana vocha badala ya fedha. Mtu aliye mjini alinunua vocha, akamsomea mwenye duka wa kijijini tarakimu zake kwa simu. Mwenye duka alijiwekea muda wa maongezi, akampa mama yake yule mtu fedha taslimu, akijikatia sehemu kidogo kwa kazi yake. Hakuna kampuni iliyowafundisha. Shida ndiyo iliyowafundisha.

Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya, pamoja na Vodafone ya Uingereza, zilianza jaribio dogo huko Nairobi na Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio walioiongoza kazi hiyo, na serikali ya Uingereza ilisaidia gharama zake. Nia yao ya kwanza ilikuwa kuwawezesha watu waliokopa mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Lakini wakopaji wale, walipopewa chombo hicho, walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye kampuni waliona, wakabadili nia. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilifunguliwa kwa watu wote wa Kenya, kwa kazi ya kupeleka fedha nyumbani.

Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom iliileta M-Pesa Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa kama kisiwa, na watu walibeba laini mbili au tatu ili wawafikie ndugu zao wote. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kupokeana fedha, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Visiwa vikaunganishwa, na ikawa rahisi mno kumfikia ndugu yeyote.

FEDHA ZENYEWE ZIKO WAPI?

Mzee mmoja, katika ofisi ya parokia ninamofanya kazi ya ukarani, aliniuliza hivi: "Karani, simu hii nikiiangusha kisimani, fedha zangu zitalowa?" Vijana waliokuwapo walicheka. Mimi nasema aliuliza swali la busara, maana wengi waliocheka hawakujua jibu lake.

Jibu ni hili. Katika simu hamna fedha, hata shilingi moja. Siku hizi twasikia sana neno "dijiti". Maana yake ni tarakimu, basi. Chombo cha kidijiti hakijui noti wala sarafu. Kinajua kuandika tarakimu na kuzihamisha. Tuseme umeuza kuku, nawe unazo Sh. 50,000/=. Waenda kwa wakala. Wakala huyo alikwisha weka fedha zake mwenyewe mapema, akapewa tarakimu za kiasi hichohicho, nazo ndizo aziitazo floti. Wewe wampa noti; yeye akuhamishia tarakimu. Noti zabaki mezani kwake, na tarakimu zaandikwa mbele ya jina lako katika daftari kubwa lililomo katika mitambo ya kampuni.

Na noti za watu wote ziko wapi? Kwa kila shilingi iliyoandikwa katika daftari lile, yapasa iwepo shilingi ya kweli benki, katika akaunti ya amana. Fedha hizo si mali ya kampuni, wala kampuni haina ruhusa ya kuzifanyia biashara yake kama ipendavyo. Hapa Tanzania mambo hayo yamewekwa katika Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na Benki Kuu ndiyo msimamizi.

Kwa hiyo, mzee wangu, simu ikilowa fedha hazilowi. Utakwenda na kitambulisho chako na vidole vyako, utapewa laini nyingine yenye namba ileile, nawe utalikuta daftari lako kama ulivyoliacha. Simu ni dirisha tu la kulitazamia daftari. Wala haikulazimu kuwa na simu ya bei kubwa. Kitochi cha vibonyezo kinatosha: wabonyeza nyota, tarakimu, na alama ya reli, dirisha lafunguka bila intaneti.

Lakini sasa shika neno hili vizuri, maana ndilo kiini cha habari yote. Daftari lile halioni uso. Karani wa posta alikutazama, na wa kijijini kwako alijua wewe ni mke wa fulani. Daftari la simu laamini vitu viwili tu: laini yako na namba yako ya siri. Mtu yeyote aliye na vitu hivyo viwili, mbele ya daftari hilo, mtu huyo ndiye wewe.

FAIDA ILIYOONEKANA

Kabla ya kueleza hatari, tuwe wa haki. Mabwana na mabibi wenye elimu wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Bibi Tavneet Suri na Bwana William Jack walizifuata nyumba nyingi za Kenya tangu mwaka 2008. Waliona kwamba nyumba isiyotumia M-Pesa, ilipopatwa na ugonjwa au msiba au mavuno mabaya, ilipunguza matumizi yake, hata chakula. Nyumba iliyotumia M-Pesa haikupunguza. Kwa nini? Si kwa kuwa ilikuwa tajiri zaidi. Ni kwa kuwa ndugu walio mbali waliweza kuchanga upesi, mmoja elfu mbili, mwingine elfu tano, kabla shida haijawa kubwa.

Mwaka 2016 walitangaza mambo mengine katika jarida la Science. Walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa katika ufukara nyumba 194,000 za Kenya, yaani mbili katika kila mia. Walisema pia kwamba wanawake 185,000 hivi waliacha kutegemea kilimo peke yake, wakashika biashara kuwa kazi yao kubwa. Mwanamke aliyekuwa hana mahali pa kuficha fedha za mboga alipata mahali.

Nasi hapa kwetu twaona kwa macho. Umeme wa LUKU hununuliwa usiku, bila kutembea. Malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu, na mtu hulipa akiwa chini ya mwembe. Kijana aliyemaliza shule asipate kazi ameweka meza na mwavuli kando ya barabara, naye ni wakala. Analisha wadogo zake kwa kamisheni. Dereva wa bodaboda halazimiki kutembea usiku na fedha nyingi mfukoni. Mtu akikuambia kwamba simu ni laana, mwulize ni mara ngapi alipanda basi kupeleka Sh. 20,000/= za dawa.

Ni kweli faida hiyo si ya bure. Kila kutoa na kila kutuma kuna ada, na serikali nayo ina sehemu yake. Tozo ya miamala ilipoanza mwezi Julai 2021 malalamiko yalikuwa mengi, hata ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka uleule. Lakini ada ni hasara iliyo wazi, nawe waweza kuuliza kabla hujatuma. Iko hasara nyingine isiyoandikwa popote.

MAMA NA MWANAWE

Nitakusimulia habari moja ya kweli, wala sitataja kijiji wala jina.

Mama mmoja mjane alikuwa na mwana mjini, fundi wa kuchomea vyuma. Kila mwezi mwana alituma Sh. 40,000/=. Mama hakujua kusoma. Mjukuu wake wa miaka kumi na minne, mwana wa binti yake, ndiye aliyekwenda kwa wakala, maana ndiye aliyeijua namba ya siri. Kila mwezi mjukuu alirudi akamkabidhi bibi Sh. 30,000/=, akasema, "Bibi, mjomba ametuma hizi." Kisha alifuta ujumbe katika simu. Zile kumi zilizobaki zilikwenda katika mchezo wa kubahatisha matokeo ya mpira.

Mambo yalikwenda hivyo miezi minane. Hesabu mwenyewe: ni Sh. 80,000/=. Lakini fedha ndizo zilizokuwa hasara ndogo. Mama alikuwa amemwambia mwanawe kwamba paa linavuja na kwamba anahitaji arobaini. Alipopokea thelathini kila mwezi alijisemea moyoni, "Mwanangu ameoa, amenisahau." Hakumwambia neno. Alianza kujibu simu kwa ufupi. Mwana naye aliona mama amekuwa baridi, hata asante haitoki kama zamani, naye akajisemea, "Kila nitoacho hakimtoshi." Watu wawili waliopendana walianza kuchukiana, na wote wawili hawakuwa na kosa.

Mwana alipokuja likizo maneno yalitoka. Mama alisema thelathini, mwana alisema arobaini. Palitaka kuwa na ugomvi mkubwa, lakini mwana alifungua simu yake. Kumbe mjukuu alifuta ujumbe katika simu moja tu. Katika simu ya mjomba ulikuwamo wote, na tarehe zake, mwezi kwa mwezi. Mama alilia, si kwa ajili ya fedha.

Kijana aliadhibiwa: alifyatua matofali likizo nzima ili alipe. Lakini wazee waliokuja kusuluhisha walisema neno lililonikaa. Walisema, "Tumemlaumu mtoto, na tulaumu pia desturi. Zamani nani aliwahi kumwachia mtoto peke yake ufunguo wa ghala?"

MATAPELI WA MBALI

Mwizi wa karibu huja kwa ufunguo uliompa mwenyewe. Mwizi wa mbali huja kwa maneno. Nitakutajia hila zake tatu zilizo za kawaida.

Hila ya kwanza ni ujumbe mfupi: ile hela itume kwa namba hii. Mwizi hakujui. Ametuma ujumbe huo kwa mamia ya watu, akijua kwamba miongoni mwao yuko mtu ambaye saa ileile alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Mtu huyo atadhani ujumbe umetoka kwa mdai wake. Dawa yake ni moja: mpigie yule unayemdai au anayekudai, kwa namba uliyoizoea, usikie sauti yake.

Hila ya pili: wapata ujumbe uliofanana na ule wa kupokea fedha, kisha sauti ya upole yakupigia: "Mzee wangu, nimekosea namba, ni fedha za hospitali, nirudishie." Mtu mwenye huruma hurudisha fedha ambazo hakupokea. Usirudishe kitu kabla hujatazama salio lako mwenyewe katika menyu ya simu. Hata kama fedha zimeingia kweli, mwambie aiombe kampuni izirudishe. Njia hiyo ipo, nayo ni halali.

Hila ya tatu: mtu husema yeye ni wa kampuni ya simu, laini yako itafungwa, umeshinda zawadi, taja namba yako ya siri. Kampuni haina haja ya namba yako ya siri. Kata simu, kisha piga mwenyewe 100 uulize. Namba ya tapeli waweza kuipeleka kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Tena bonyeza nyota 106 reli, uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu mwezi Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Basi kama iko laini kwa jina lako usiyoijua, ni mtu mwingine anayevaa jina lako. Nenda ukaifungishe.

MKOPESHAJI ASIYELALA

Sasa tuje kwa jambo linalowaingia watu kimya kuliko yote. Zamani mtu akitaka kukopa alikwenda kwa jirani au katika chama. Aliona aibu kidogo, na aibu hiyo ilikuwa na kazi: ilimfanya afikiri mara mbili. Katika chama wenzake walimwuliza, "Wazitakia nini? Utalipa kwa nini?" Hao walikuwa mashahidi wake.

Mwezi Novemba 2012 huko Kenya ilianza huduma ya kuweka akiba na kukopa ndani ya simu, na mwaka 2014 Tanzania ilipata yake. Huduma hizo zina benki nyuma yake, na mtu mwenye hesabu hufaidika nazo. Baadaye zilikuja programu za mikopo za watu wasiojulikana, zile ambazo watu huziita kausha damu. Mtu huweka programu katika simu, na programu huomba ruhusa ya kuyasoma majina yote aliyoyahifadhi. Akichelewa kulipa, ujumbe wa kumwaibisha hupelekwa kwa mkwe wake, kwa mwajiri wake, kwa mwalimu wa mtoto wake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzizuia programu 69 za namna hiyo zilizofanya kazi bila leseni.

Tufanye hesabu kama ya darasa la tano. Tuseme wakopa Sh. 50,000/= kwa mwezi mmoja, na ada ni Sh. 5,000/=. Waona ni kidogo. Mwezi ukiisha walipa, na kwa kuwa mfuko umebaki mtupu wakopa tena zilezile. Ukifanya hivyo mwaka mzima, umelipa ada Sh. 60,000/=, nawe hukuwa na kitu ila zile 50,000/= zilizozunguka. Na wako wanaotoza zaidi ya hapo, tena kwa siku saba tu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika simu harusi hiyo haina hata wageni: mtu hukopa saa sita ya usiku, mke wake amelala kando yake, asijue kitu mpaka siku ya matanga.

TUMRUDISHE SHAHIDI

Tufanye nini basi? Tutupe simu? La. Aliyekwisha panda gari hatafuti tena kutembea siku mbili. Yatupasa kufanya kwa makusudi yale ambayo zamani yalifanyika yenyewe kwa kuwa watu walikuwapo.

Kwanza, namba ya siri ni ya mtu mmoja. Usiwe mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo wajulikana na wote. Usimpe wakala aibonyeze kwa niaba yako, hata kama ni mkweli na hata kama macho yako ni hafifu. Mwambie akufikishe mahali pa kubonyeza, kisha geuka ubonyeze mwenyewe.

Pili, wazee wafundishwe tarakimu. Yule mama mjane herufi hazijui mpaka leo, lakini mwalimu wa darasa la kwanza alimfundisha tarakimu kumi kwa majuma mawili. Sasa abonyeza namba yake mwenyewe, naye aijua tofauti ya 30,000 na 40,000. Katika kila kijiji wako walimu, wako wanafunzi wakubwa. Kazi hii haihitaji jengo wala ufadhili, yahitaji kipande cha chaki na uvumilivu.

Tatu, soma jina kabla hujatuma. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha. Watu hulipita jina hilo kama watu wapitao kibao cha barabarani. Lisome kwa sauti. Ukikosea, piga 100 saa ileile, kabla aliyepokea hajazitoa.

Nne, anayetuma ampigie anayepokea, amwambie kiasi kwa mdomo: "Mama, nimetuma arobaini." Neno hilo moja lingaliwaokoa wale wawili miezi minane ya uchungu.

Tano, weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujumbe ndani ya simu si daftari, maana hufutika. Chukua daftari la shule, piga mistari mitano: tarehe, mtu, kiasi, ada, salio. Siku ya juma mliyoichagua, mume na mke wakae pamoja, simu zote mbili zikiwa mezani, waandike. Pale na mikopo itatajwa. Mwenzi anayekataa kuiweka simu yake mezani, msianze na ugomvi; anzeni na kuulizana ni nini kinachoogopwa. Namba ya siri abaki nayo kila mtu mwenyewe. Kinachofunuliwa ni hesabu.

Sita, katika ukurasa wa mwisho wa daftari hilo ziandikwe laini zote za kila mtu na chama gani au benki gani anaweka akiba. Hakuna anayependa kulitaja jambo hili, lakini kifo huja. Mtu afapo, fedha zilizo katika simu yake ni sehemu ya mirathi. Si za yule aliyewahi kuichukua simu kitandani. Msimamizi wa mirathi aenda na hati zake, naye atazipata. Lakini hawezi kuuliza habari za akiba ambayo hakuna aliyejua kwamba ipo.

Msomaji mpenzi, mambo hayo sita hayagharimu zaidi ya bei ya daftari moja. Usiyaweke mpaka mwisho wa mwezi. Leo, baada ya chakula cha jioni, mwite mwenzako, au kama huna mwenzako mwite ndugu unayemwamini. Andikeni salio la leo katika mstari wa kwanza. Kisha kama unaye mama au baba kijijini ambaye humtumia fedha mtoto wa nyumbani ndiye anayezitoa, mpigie mzazi huyo mwenyewe umwulize alipokea ngapi mara ya mwisho.